Keki za pakiti zisizo na gluteni: zipi zinafaa ukiwa kwenye mlo wa FODMAP kidogo

Nianze na jibu, maana najua kuna msomaji ambaye sasa hivi ameshika boksi mkononi na anataka kujua alitie kwenye kikapu au alirudishe rafuni. Maneno "haina gluteni" hayatoshi. Keki inaweza isiwe na hata chembe ya ngano na bado ikakuvimbisha tumbo mpaka ulegeze mkanda. Nyingine iliyo kando yake ukaila na chai, ukaendelea na shughuli zako kama kawaida. Kinachozitofautisha hakikuandikwa mbele ya boksi. Kiko nyuma, kwenye zile herufi ndogo ambazo wengi wetu tunazisoma kwa kukunja uso.

Mimi nina IBS, ile hali ambayo utumbo unasumbua mwaka hadi mwaka na vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe. Kabla ya kubadilisha chakula nilipimwa kwanza seliaki, yaani ugonjwa ambao gluteni huudhuru utumbo, ikaonekana sina. Hatua hiyo nawasihi sana msiiruke. Kipimo cha seliaki kinataka mtu awe bado anakula gluteni. Ukishaiacha kwa muda, majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Baada ya hapo mtaalamu wa lishe alinipitisha kwenye mlo wa FODMAP kidogo, yaani wa kupunguza aina za sukari na minyororo mifupi ya sukari ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri, kwa hatua zake: kupunguza kwa wiki 2 hadi 6, kisha kurudisha kundi moja moja na kuangalia tumbo linasemaje, kisha kubaki na mlo unaokufaa wewe mwenyewe. Kwangu mimi fruktani na polioli (sukari za jamii ya alkoholi, kama sorbitoli) ndizo zenye kesi. Laktosi, sukari ya maziwa, naivumilia kwa kiasi. Kwa hiyo hukumu zilizo hapa chini ni za tumbo hili, na pale ambapo lako linaweza kuamua vingine nitasema.

Swali la kwanza ambalo watu huniuliza ni kwa nini sisi wa FODMAP tunakwenda kwenye rafu ya gluteni wakati gluteni si tatizo letu. Sababu ni kwamba ngano, shayiri na rai zimebeba vitu viwili tofauti kwa pamoja. Gluteni ni protini. Fruktani ni minyororo mifupi ya fruktosi ambayo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuikata. Inapita utumbo mwembamba nzima nzima, ikifika utumbo mpana bakteria wanaichachusha na kutoa gesi, na baadhi ya FODMAP nyingine huvuta maji ndani ya utumbo zikiwa njiani. Mwenye utumbo mtulivu hajui hata kama hayo yanatokea. Mwenye IBS anayajua yote. Sasa mtengenezaji akiondoa ngano ili aondoe gluteni, fruktani za ngano nazo zinatoka humohumo. Hiyo ndiyo faida tunayoifuata kwenye rafu ile, na ni faida ya kweli.

Kuna utafiti uliofanyika Oslo na kuchapishwa mwaka 2018 ambao napenda kuwasimulia watu. Walichukuliwa watu 59 wasio na seliaki, lakini waliojiona kwamba gluteni inawadhuru. Wakapewa vipande vya nafaka vilivyogandishwa kwa utamu, vya aina tatu: kimoja kimefichwa gluteni, kingine fruktani, cha tatu hakina kati ya hizo. Walaji hawakujua wanakula kipi. Dalili zilikuwa kali zaidi kwenye fruktani kuliko kwenye gluteni, na gluteni haikutofautiana na kile kipande kitupu. Mtu akiniambia "nikiacha ngano napata nafuu, basi gluteni ndiyo adui," huwa namwomba aisome habari hiyo kabla hajatumia fedha zake kwenye chochote kilichoandikwa "haina gluteni".

Maana shida ya keki hizi inaanza pale ngano ilipotoka. Gluteni ndiyo iliyokuwa inashika hewa ndani ya unga na kuizuia keki isimomonyoke. Unga wa mchele na wanga wa viazi haviwezi kazi hiyo vyenyewe. Tena hukauka haraka: wanga uliopikwa unaendelea kukakamaa kila siku inayopita, na keki ya pakiti inatakiwa ikae rafuni kwa wiki kadhaa, pengine miezi, bado iwe laini. Hivyo lazima kitu kiongezwe. Kitu cha kugandisha, kitu cha kushika unyevu, kitu cha kurudisha nyuzi zilizopotea pamoja na ngano. Fruktani iliyofukuzwa kwa mlango wa mbele huweza kurudi kwa wa nyuma, safari hii ikiwa na jina jingine.

Na sheria ya lebo haiangalii mlango huo. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinasema chakula kinaitwa kisicho na gluteni kikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Basi. Hakiulizi kuhusu asali, wala mzizi wa chikori, wala sorbitoli. Kwenye nchi za Ulaya vizio 14, yaani vitu vinavyoleta mzio, lazima viandikwe kwa herufi zinazojitokeza: maziwa, ngano, karanga, soya na wenzao. FODMAP si vizio, kwa hiyo nyingi zimekaa kwenye maandishi ya kawaida, katikati ya orodha, ambapo jicho lililozoea kutafuta herufi nzito linazipita.

Vipimo ninavyotumia ni vya Chuo Kikuu cha Monash cha Melbourne, Australia, ambako mlo huu ulianzia. Kwa mlo mmoja wa chakula cha nafaka au karanga, wanataka fruktani na jamaa yake galakto-oligosakaridi, zile za kwenye maharage, zisifike gramu 0.3. Laktosi isifike gramu 1. Polioli zote kwa jumla zisifike gramu 0.4. Fruktosi inayozidi glukosi isifike gramu 0.15. Angalieni jinsi namba zenyewe zilivyo ndogo. Mtu anasema "lakini si imewekwa kidogo tu", na kidogo hicho kinatosha kabisa kuvuka mstari.

Sasa keki zenyewe. Majina ya kampuni siyataji, kwa kuwa mapishi hubadilika na aina hizi utazikuta karibu kila mahali zinapouzwa keki za namna hii. Nazitaja kwa ladha.

Keki ya limau, ile ndefu ya kukata vipande, ndiyo ninayoinunua mara nyingi kuliko zote. Orodha yake nimeikariri: sukari, unga wa mchele, mayai, mafuta ya mbegu, wanga wa viazi, wanga wa muhogo, maji ya limau, gliseroli, wanga wa mahindi, beking pauda, zanthani, maganda ya limau, chumvi, ladha. Pitia kimoja kimoja. Sukari ya kawaida ni glukosi na fruktosi nusu kwa nusu, na fruktosi ikisindikizwa na glukosi ya kutosha hufyonzwa bila matata, kwa hiyo sukari yenyewe si FODMAP hata kama ina mambo yake mengine. Mchele, viazi, muhogo, mahindi: vyote vinapita. Mayai na mafuta havina wanga wa kuzungumzia. Zanthani, E415 (namba za E ni za viongezi vya chakula kwenye lebo za Ulaya), ni gundi tu, ingawa kuna watu wachache ambao gundi hizi hazipatani nao.

Anayewatisha wengi kwenye orodha ile ni gliseroli, E422. Kwa kemia ni polioli, na anayefuata mlo huu amefundishwa kuikimbia kila polioli. Lakini gliseroli hufyonzwa vizuri kwenye utumbo mwembamba, haifiki chini kwa wale bakteria kwa kiasi cha kusumbua, na haihesabiwi kwenye FODMAP. Kazi yake kwenye keki ni kushika unyevu. Nimeona watu wakirudisha keki nzuri rafuni kwa sababu yake, na roho huniuma.

Kwa mdomo, keki hii ni nzuri kweli. Punje zake ni ndogo, ina unyevu, juu ina ukoko mwembamba wa sukari unaovunjika kwa jino. Ladha ya limau inatoka kwenye maji yake na maganda, si ile ya peremende. Kasoro moja: ina mafuta mengi. Mafuta si FODMAP, lakini utumbo wenye IBS unaweza kushtuka kwa mlo wenye mafuta mengi hata pasipo fruktani. Kipande cha unene wa kidole hakinipi shida. Viwili kwa mpigo, tena asubuhi tumbo likiwa tupu, nisingependekeza.

Brauni za chokoleti nataka nizikalie kidogo, kwa sababu ndizo zinazowakamata watu wengi.

Boksi ni zuri. Mbele kuna "haina gluteni", kuna "haina maziwa", na kwenye duara la kijani pembeni kuna "chanzo cha nyuzi". Mtu mwenye tumbo bovu akiona "nyuzi" anafurahi, maana tumeambiwa nyuzi ni afya. Geuza boksi. Sukari, chokoleti nyeusi, mayai, mafuta, unga wa mchele, na kabla hujafika kwenye kakao: inulini. Lebo nyingine huiandika nyuzi za mzizi wa chikori, nyingine oligofruktosi, nyingine nyuzi za mimea kisha jina kwenye mabano. Zote ni familia ya fruktani, ileile ya kwenye ngano. Haina namba ya E kwa sababu inahesabiwa kuwa kiambato, si kiongezi, kwa hiyo anayetafuta namba za E peke yake hataiona kamwe.

Fanya hesabu pamoja nami. Ulaya, ili kampuni iruhusiwe kuandika "chanzo cha nyuzi", lazima kuwe na angalau gramu 3 za nyuzi katika gramu 100. Chukua kipande cha gramu 50. Hapo una gramu 1.5 za nyuzi. Tuseme kwa huruma nusu ya hizo zinatoka kwenye kakao na unga, nusu nyingine ndiyo inulini. Ni gramu 0.75. Mstari wa Monash ni 0.3. Umeshauvuka zaidi ya mara mbili kwa kipande kimoja, kabla hujaramba vidole. Na brauni nani anakula kipande kimoja?

Niliiandikia kampuni nikauliza inulini iliyomo ni asilimia ngapi. Jibu lilikuja kwa adabu: mapishi ni siri ya biashara, na bidhaa yao inakidhi viwango vyote vya kutokuwa na gluteni. Sikuuliza kuhusu gluteni. Kwa mtu anayepanga siku yake kulingana na choo kiko wapi, asilimia ile si udadisi. Natamani sana watengenezaji walielewe hilo.

Ladha? Tamu mno, yenye utepe wa chokoleti katikati, na inulini ndiyo inayochangia ule ulaini. Niliila wakati tayari nimemaliza hatua ya kurudisha vyakula na najua ninachokifanya, kipande kimoja, siku ambayo sikuwa na safari. Jioni tumbo lilikuwa limekaza na linaunguruma. Siinunui. Kwa anayevumilia fruktani, hasa aliye na seliaki tu pasipo IBS, ni brauni bora kabisa na inulini haimdhuru chochote. Zipo brauni nyingine zisizo na nyuzi za kuongezwa, na hizo nazila: chokoleti nyeusi kwa kiasi cha kipande cha kawaida haina neno. Chokoleti ya maziwa ndiyo ya kuangalia kama laktosi inakusumbua.

Keki ya karoti. Jina linatuliza, na karoti yenyewe ni rafiki wa mlo huu. Ila kwenye nyingi nilizosoma, karoti si ya kwanza wala ya pili. Inatanguliwa na puree ya tufaa, inayowekwa ili keki iwe na unyevu bila mafuta mengi, na tufaa lina vyote viwili: sorbitoli na fruktosi ya ziada. Halafu kuna zabibu kavu. Punje mbili tatu si hoja. Zikiwa ni asilimia 10 ya keki, ni hoja. Nimepata moja isiyo na tufaa wala zabibu, yenye walnati na krimu ya jibini juu. Walnati zinapita, jibini la krimu kwa kijiko kimoja linapita kwa wengi. Ni kavu kidogo pembezoni, mdalasini umezidi, na bado naipendekeza. Nyingine zote za karoti nilizoshika, hapana. Keki ya ndizi iko kwenye kundi hilohilo la mashaka, kwa kuwa ndizi inayowekwa kwenye keki ni iliyoiva sana, na ndizi ikiiva hivyo fruktani zake zinapanda.

Keki ya lozi inahitaji kikokotoo. Lozi za kusaga zinapita mpaka kama gramu 24 kwa mlo mmoja. Zaidi ya hapo galakto-oligosakaridi zinakuwa nyingi. Bahati nzuri, kiambato kinachotajwa kwenye jina la keki mara nyingi huandikiwa asilimia yake. Yangu ilisema lozi asilimia 30. Kipande cha gramu 60 kina gramu 18, sawa. Kipande cha gramu 100, ambacho ndicho mkono wa mwenyeji mkarimu hukata, kina 30, si sawa. Ni keki tamu sana, nzito, yenye harufu ya siagi, na kwa sababu ya uzito wake kipande kidogo kinatosha. Naipa alama za juu kwa masharti ya mizani ya jikoni. Ukikuta badala ya lozi ni korosho au pistachio, usipoteze muda kupima. Hizo ziko juu hata kwa kiasi kidogo.

Kuna keki ambazo badala ya mchele zimetumia unga wa dengu au wa soya, kwa kuwa protini zake husaidia keki isimame. Inasimama kweli. Lakini ni jamii ya maharage, na maharage tunajua yanafanya nini. Ukiona unga wa dengu kwenye nafasi tatu za kwanza, rudisha. Lesithini ya soya ni kitu kingine. Ni mafuta, haina shida.

Zile zilizoandikwa "haijaongezwa sukari" nasema kwa sauti kubwa: hizi ndizo mbaya kuliko zote kwa mlo wetu. Utamu wake unatoka kwa maltitoli, sorbitoli, manitoli, isomalti, laktitoli au zailitoli. Kwenye orodha zinaweza kujificha kama E420, E421, E953, E965, E966 na E967. Chakula kikiwa na polioli zaidi ya asilimia 10, sheria ya Ulaya inadai onyo kwamba kula kupita kiasi kunaweza kuharisha. Onyo hilo limeandikwa kwa ajili ya watu wenye matumbo mazima! Kipande cha gramu 50 chenye polioli asilimia 10 tu kina gramu 5. Mstari wetu ni 0.4. Sikuionja keki hii, na sitaionja. Kama una kisukari pamoja na IBS, na wapo wengi, nenda kwa mtaalamu wa lishe mkae mpange, kwa sababu unavutwa huku na huku na ushauri wa lebo mbili zinazopingana.

Za asali, sharubati ya agave au "utamu wa matunda tu" nazo ziko jirani. Asali na agave zina fruktosi kuliko glukosi. Juisi nzito ya tufaa au pea, vivyo hivyo. Kwenye sharubati za viwandani kuna kidokezo kizuri kwa lebo za Ulaya: ikiandikwa sharubati ya glukosi na fruktosi, glukosi ndiyo iliyotangulia, ikiandikwa fruktosi kwanza, fruktosi imezidi nusu. Ya pili iache.

Keki za vikombe za vanila, zile nne kwenye trei ya plastiki zenye aisingi ya rangi, ni suala la maziwa. Unga wenyewe ni mchele na wanga, salama. Ila ndani kuna maziwa ya unga yasiyo na mafuta, na mara nyingine unga wa wei, yaani yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Karibu nusu ya uzito wa maziwa ya unga ni laktosi. Keki ya gramu 50 yenye asilimia 4 ya unga huo ina gramu 2 za maziwa, sawa na gramu 1 ya laktosi, palepale kwenye mstari. Kwangu haikuleta kitu. Wewe ambaye laktosi ndiyo adui yako, kidonge cha laktasi kinaweza kukusaidia hapa, kwa sababu kinakata laktosi, ingawa hakigusi fruktani. Siagi usiiogope, laktosi yake ni kiduchu. Kwa ladha keki hizi ni za watoto: aisingi ni sukari tupu, chini kukavu, na siku ya tatu baada ya kufungua zinakuwa vumbi.

Mwisho nina keki ya chokoleti yenye nembo. Nembo za FODMAP zinazoaminika ni mbili, zote asili yake Australia: ya Monash yenyewe, na ile inayoitwa FODMAP Friendly. Bidhaa hupimwa maabara kwa kipimo cha mlo mmoja, kwa hiyo huhitaji kubahatisha kiasi cha inulini, na hiyo pekee ni raha kubwa kwa mtu aliyechoka kusoma orodha. Ukiwa kwenye zile wiki za kupunguza, ndiyo keki ya kununua. Ila nembo inazungumzia kipande kilichopimwa. Boksi langu linasema gramu 45, na nilipokikata na kukiweka kwenye sahani ni kidogo kuliko unavyodhani, upana wa vidole viwili hivi. Kula mara mbili ya hapo nembo haikufuati. Keki yenyewe ni ya kawaida, si kavu, kakao yake hafifu. Kwa raha ya mdomo keki ya limau inaishinda mbali.

Neno kwa wenye seliaki mnaosoma hapa kwa sababu ya kichwa cha habari: kwenu gluteni haina mjadala wala kipimo cha kipande, na punje moja ya makombo kwenye kisu ni tatizo. Kwetu sisi wa FODMAP kidogo pasipo seliaki, ngano si haramu, ni suala la kiasi. Kipande chembamba cha keki ya ngano kwenye sherehe huenda kikakaa vizuri kuliko brauni nzima ya inulini. Nasema hivyo kwa sababu nimeona watu wakijinyima keki ya harusi ya ndugu yao, kisha wakaenda nyumbani kula kitu kibaya zaidi kutoka kwenye boksi.

Kuhusu kuhifadhi: keki hizi karibu zote hukakamaa haraka zikifunguliwa, na jokofu la kawaida linaharakisha. Mimi nazikata siku ileile, kila kipande kwa uzito wake, nafunga kimoja kimoja na kugandisha. Kipande kikitoka kwenye friza kinarudi laini ndani ya saa moja mezani, na kiasi kimeshaamuliwa mapema, wakati hamu haijapanda.

Na kila boksi likibadilika rangi au likiandikwa "mapishi mapya", soma upya kuanzia neno la kwanza. Watengenezaji huongeza nyuzi kimyakimya siku hizi kwa kuwa zinauza. Keki ya limau nayo imekuja na boksi jipya. Nimeisoma: mafuta ya mbegu sasa ni ya alizeti, maganda ya limau yamepanda juu ya zanthani kwenye orodha, mengine yote ni yaleyale, inulini hakuna. Bado naipa tano kati ya tano.